Kompyuta Iliyoshusha Sauti ya Mama

Ukikaa na mimi, kaa upande wa kulia. Sikio la kushoto halinisaidii tena, na sipendi mtu anipigie kelele kama ananiamsha usingizini. Watu wa Dongobesh wameshanizoea. Wageni ndio wanaouliza, nami huwajibu kwamba ni umri, maana si kila mtu wa kuambiwa ukweli. Leo nakuambia wewe. Ukikataa kuamini, shauri yako, ila usiniambie nilikuwa naota. Ilikuwa alasiri, macho yangu makavu, simu mkononi, naongea na mwalimu wa sekondari kuhusu spika za kompyuta. Nani anaota vitu vya namna hiyo?

Mimi ni mtu wa taipu. Kazi niliianzia kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, mpaka yalipoanza kuuzwa na sisi makarani tukaambiwa tukatafute maisha. Basi nikayatafuta. Manyara ilipokuwa mkoa na kila ofisi ikataka barua zake zipigwe upya, nikafungua stationery Dongobesh, karibu na vinaposimama vibasi vya Mbulu. Nilianza na taipu na fotokopi. Kompyuta ilipokuja nikaongeza kazi ya kuhamisha kaseti kwenda kwenye CD, kwa sababu miaka ile kila nyumba ilikuwa na kaseti zake kwenye bati la biskuti, kwaya na harusi na wazee wakiongea, na redio za kuzipigia zilikuwa zinakufa moja moja.

Na mimi nilikuwa na kaseti yangu. Nilikuwa nayo dukani, kwenye droo, nimeifunga kwa kitambaa. Ilikuwa ya mama.

Mama yangu alifia kwetu Dirma, wakati wa masika, barabara zimekatika. Mimi nilikuwa huku Mbulu nahangaika na magari ambayo hayapiti. Dada yangu mkubwa, Elizabeti, ndiye aliyekuwa naye. Mama alipoona safari imefika aliomba atutamkie baraka watoto wake, na Elizabeti akawasha redio kaseti akamrekodi. Sasa elewa jambo hili, maana ndilo kisa chenyewe. Nyumbani kwetu mzazi akikutamkia baraka anakuita kwa jina, nawe unaitikia, ndipo anaendelea. Asiyeitikia hajapokea. Elizabeti aliitwa, akaitikia, akabarikiwa. Kaka yetu Paskali aliitwa, akaitikia, akabarikiwa. Ikafika zamu yangu. Mama akaita jina langu la nyumbani, ambalo siku hizi sipendi kulitaja, kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu. Elizabeti akanyoosha mkono azime redio, na mama akamwambia: "Acha hapo. Msipafute. Ataitikia akija."

Nilipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Kwa hiyo kile kimya kwenye utepe kilikuwa changu. Wengine wameachiwa mashamba na ng'ombe, mimi nimeachiwa kimya. Sikuwahi kukisikiliza. Tulikubaliana na Elizabeti kwamba siku ya kujengea kaburi, padri akishamaliza misa na ukoo wote umekaa, tutapiga sauti ya mama kwenye spika kubwa, na mama akiniita nitaitikia mbele ya watu. Huko nyumbani walishasubiri. Ila kaseti ilikuwa imechoka, utepe umelegea, redio yoyote ingeweza kuutafuna. Ilibidi kwanza niihamishe kwenye CD, kwa mpigo mmoja, bila majaribio. Elizabeti alinisisitiza kwenye simu: hamisha tu, usiitikie huko dukani peke yako. Nikamwambia mimi si mtoto.

Sasa twende kwenye kompyuta.

Ilikuwa imejaa virusi mpaka ikawa inajizima katikati ya barua za watu. Mwalimu Mhina, mtu wa Tanga aliyepangiwa sekondari ya huku, ndiye aliyekuwa fundi wetu. Kiswahili chake laini, wateja wangu walikuwa wanamwangalia mdomo badala ya kumsikiliza. Akaja Jumamosi, akafuta kila kitu, akaweka mfumo mpya kabisa. Kompyuta ikawaka kwa rangi nzuri, ikawa nyepesi, nami nikampikia chai ya maziwa. Tulijaribu kupiga CD ya kwaya, sauti ikatoka vizuri. Akaondoka.

Alasiri ile ile, ukungu uliposhuka kutoka mlimani kama kawaida yake miezi ya baridi, sauti ikashuka. Haikukatika, ilishuka tu, kama vile kuna mtu amekaa kwenye kitufe anakirudisha pole pole. Kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu, mara ikawa inaimba kama iko ng'ambo ya bonde. Nikaangalia alama ya spika kwenye kioo, iko juu kabisa. Nikazungusha kitufe cha spika zenyewe, nacho kiko juu. Nikachomoa waya, nikachomeka. Nikampigia Mwalimu Mhina, naye akaniuliza kama nimebonyeza ile spika ndogo ya chini kulia. Jamani! Nimepiga taipu tangu wewe uko shule ya msingi, nikamwambia, spika ya chini kulia naijua.

Yakawa ndiyo maisha yetu. Asubuhi sauti ipo, alasiri haipo. Mwalimu alikuja asubuhi moja kabla ya vipindi vyake, akapiga muziki, duka likatikisika, akanicheka. Akasema labda ni ile programu ndogo inayoiongoza kompyuta kutumia spika, akaniwekea nyingine. Akasema labda ni umeme mdogo wa alasiri. Akasema labda ni masikio yangu. Hilo la mwisho alilisema kwa utani, na tangu hapo nimekuwa nikilikumbuka kila siku ya Mungu.

Siku ya kaburi ilikuwa inakaribia, na kaseti ya mama iko kwenye droo. Ningewezaje kuihamisha kwa sauti nisiyoisikia? Ingekuwaje kama ingetoka mbovu, na utepe umeshakatika? Nilikuwa silali vizuri, nakuambia ukweli. Nilikuwa naogopa kupoteza kitu kile kimoja ambacho mama alinitunzia.

Na katika siku hizo hizo ndipo alipoanza kuja yule mwanamke.

Mara ya kwanza nilimwona amesimama nje, ng'ambo ya mtaro, mbele ya mlango wangu. Mtu mzima, mwembamba, amejifunika shuka nzito nyeusi mpaka kichwani, kama mama zetu wanavyofanya kwa baridi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Wewe unajua huku kwetu salamu si mchezo. Mtu mzima akiamkiwa na asiitikie, kuna jambo. Nikamkaribisha ndani kwa mkono tu, akarudi nyuma hatua kidogo, akabaki amesimama. Macho yake yalikuwa kwenye spika zangu.

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Sisi Wairaqw tuna jambo tunaloliita metimani. Nyumba ikipatwa na kifo cha namna fulani, hasa cha mtoto, wenye msiba hujitenga. Haingii mtu wa metimani nyumba ya mwenzake, hatoi mkono, hachangii maji wala moto na majirani, mpaka wazee waseme sasa yamekwisha, wamrudishe kwa utaratibu wake. Zamani waliotengwa walijengewa kibanda mbali na watu. Siku hizi makanisa yamejaa na wengi wameacha, lakini ukienda ndani ndani utakuta bado wanaoshika. Nikajisemea, maskini, huyu amezika mtoto. Amesikia kwaya inaimba, na hana ruhusa ya kuingia kusikiliza. Nikamwachia mlango wazi.

Akawa anakuja kila alasiri, na ukungu. Mama Shabani, fundi cherehani wa Kondoa aliyepanga chumba cha pili, hakumpenda. Siku moja aliniambia, "Huyu mgeni wako simwoni akija. Namwona ameshafika." Akavuta mlango wake. Nikamwona ana maneno, mtu wa watu amefiwa na yeye anamtafutia visa.

Niambie wewe, ungehusisha mambo haya mawili? Sauti inashuka alasiri, mwanamke anakuja alasiri. Mimi sikuhusisha. Ukiwa na kompyuta mbovu unatafuta ubovu ndani ya kompyuta.

Basi ikafika alasiri yenyewe. Kesho yake nilitakiwa kusafiri kwenda Dirma. Ukungu ulikuwa mzito mpaka taa za vibasi zilikuwa njano. Sauti imeshashuka, mwanamke ameshasimama pale ng'ambo ya mtaro, na mimi nimemkamata Mwalimu Mhina kwenye simu nikamwambia leo hukati mpaka spika zangu ziongee. Akacheka, kisha akakumbuka kitu. Alisema mfumo huu mpya una tabia ambayo ule wa zamani haukuwa nayo. Kompyuta ikihisi kwamba kuna mazungumzo yanaendelea, kama vile umepigiwa simu kupitia maiki, inashusha yenyewe sauti za vitu vingine vyote, ili umsikie vizuri unayeongea naye.

Nikamwambia mimi siongei na mtu yeyote kwa kompyuta.

"Najua," akasema. "Lakini yenyewe inadhani unaongea. Fungua sehemu ya sauti, tazama maiki."

Nilikuwa na maiki ya mezani, nikiitumia kuwawekea watu matangazo kwenye CD. Nikafungua alikonielekeza. Pembeni ya picha ya maiki kulikuwa na vijistari vya kijani, vinapanda ukiongea na vinashuka ukinyamaza. Vilikuwa vinapanda na kushuka. Vinapanda, vinasita, vinapanda tena, jinsi mtu anavyoongea taratibu na mtu anayemjua. Duka kimya. Nilikuwa nimezima kwaya. Nikakohoa makusudi karibu na maiki, vijistari havikujali kikohozi changu. Nikataja jina langu, havikujali. Vikaendelea na mazungumzo yao.

Mwalimu akasema kuna kelele nje, funga mlango. Nikageuka niufunge. Mwanamke alikuwa amesogea, sasa yuko upande wangu wa mtaro, karibu na kizingiti, ananitazama usoni. Mdomo wake umefungwa. Nikaangalia kioo, vijistari vinapanda. Nikamwangalia yeye. Akainamisha kichwa, na nilipoangalia kioo tena vijistari vilikuwa vimelala vyote.

Niliogopa, sikufichi. Lakini mimi nina hasira za karibu, na nilikuwa nimechoka kuchezewa na mashine. Nikajisemea maiki hii ni ya bei ya kutupa, imeharibika, basi. Nikaichomoa nikaitupa chini ya meza. Mwalimu akanielekeza mahali pa kuchagua nini kompyuta ifanye ikihisi mazungumzo. Ilikuwa imeandikwa ishushe sauti nyingine. Nikachagua isifanye lolote. Nikabonyeza kukubali.

Na sauti ikarudi. Nikawasha kwaya tena, ikaruka kutoka kwenye spika mpaka nikashtuka. Nilimshukuru Mwalimu kama ameniponya ugonjwa, nikakata simu. Sikungoja. Nikaitoa kaseti ya mama kwenye kitambaa, nikaiweka kwenye redio, nikavuta waya kutoka redioni mpaka kwenye kompyuta, nikaanza kurekodi. Kumbuka redio ile ilikuwa ya kupigia tu. Kitufe chake cha kurekodi kilivunjika zamani, kilibaki shimo.

Mama akaongea.

Sijui nikueleze vipi. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyekaa na moshi wa jikoni maisha yake yote. Alianza kwa kumgombeza Elizabeti kwamba redio iko karibu mno na sufuria. Nikacheka, machozi yakaanza kunitoka hapo hapo. Akamwita Elizabeti, Elizabeti akaitikia, mama akamtamkia uzazi na mvua na watu wa kumzika. Akamwita Paskali, sauti ya Paskali ikaitikia huku inalia. Nilikuwa nimeshika meza kwa mikono yote miwili.

Ndipo nikasikia mtu anasema, "Nasikia kidogo. Niko mbali."

Nikabonyeza redio isimame. Mwanamke alikuwa kwenye kizingiti chenyewe, vidole vya miguu vimegusa ubao wa mlango. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno. Baadaye sana, nikiwa ndani ya kibasi, ndipo nilipokumbuka kwamba sauti ile haikutoka mlangoni. Ilitoka kwenye spika. Lakini saa ile nilikuwa nalia, na mtu anayelia humwona mwenzake aliyefiwa kama ndugu.

Aliuliza, "Huyo ni nani?"

"Ni mama yangu," nikasema.

"Anawaita watoto wake?"

"Ndiyo. Bado mimi."

Akatikisa kichwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyesimama nje kwa muda mrefu kuliko siku hizo nilizomwona mimi. Nikamwonea huruma, hilo ndilo lote. Nikamwambia, "Ingia, mama. Kaa hapa karibu, usikie. Hayo mambo ya kutengana siku hizi tumeacha."

Akaingia. Akavuka kizingiti kwa uangalifu, kama mtu anayepita juu ya mtoto aliyelala, akakaa kwenye kigoda cha wateja upande wangu wa kushoto. Baridi ikaingia naye. Nilisikia harufu ya majivu yaliyolowa. Nikafuta macho, nikaachia redio iendelee.

Mama akaita jina langu.

Kikaja kimya. Kimya changu. Kilikuwa kimya kilichojaa, unasikia moto unalia jikoni na mvua kwenye bati, na mama anapumua, ananisubiri. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikajiziba kwa mkono, nikakumbuka ahadi, nitaitikia Dirma mbele ya watu.

Na sikioni mwangu, kushoto, karibu kabisa, sauti yangu mimi ikaitikia.

Nasema sauti yangu. Si sauti ya yule mwanamke, si sauti inayofanana na yangu. Ni mimi, kwa Kiiraqw, neno lile lile tunalomwitikia mama tangu tukiwa watoto, hata ule mvuto wa mwisho ambao Paskali alikuwa ananitania nao. Nikageuka. Mwanamke ameketi, mikono mapajani, macho kwenye spika, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto aliyechukuliwa mgongoni. Sikuweza kuinuka. Sikuweza kufikia kitufe. Mama kwenye spika akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akaanza kutamka baraka, moja baada ya nyingine. Zile za uzazi, na za mvua, na moja niliyokuwa sijaisikia kwa Elizabeti wala Paskali, ambayo alikuwa amenitunzia mimi. Kila moja ilipotamkwa, iliitikiwa pale kwenye kigoda. Na kadiri zilivyoitikiwa, sikio langu la kushoto lilikuwa linashuka, pole pole, mpaka nikawa nasikia kwa upande mmoja tu.

Kaseti ilipofika mwisho redio ikajizima. Mwanamke akasimama. Akaenda mpaka mlangoni, na safari hii hakuangalia kizingiti, alipita kama mtu wa nyumbani. Hapo akageuka, akanitazama.

"Marahaba," akasema.

Akaingia kwenye ukungu. Mama Shabani aliniambia baadaye kwamba alikuwa mlangoni kwake na hakuona mtu akitoka. Kigoda kilikuwa kimelowa.

Utaniuliza kwa nini nilikwenda Dirma na CD ile. Ningefanya nini? Nilijiambia ni uchovu na kilio. Nilijiambia kaseti ni kaseti, utepe hauwezi kubadilika kwa kusikilizwa. Sikuthubutu kuipiga tena kuhakikisha. Nilipanda kibasi cha asubuhi, nimeikumbatia CD na kaseti pamoja ndani ya kanga.

Padri alimaliza misa. Ukoo ulikaa, kaburi jipya la saruji bado lina unyevu. Paskali akawasha spika kubwa alizozikodi Katesh. Mama akagombeza kuhusu sufuria na watu wakacheka na kulia. Elizabeti akaitwa, Paskali akaitwa. Mimi nimesimama mbele, nimevaa gauni jipya, wote wananiangalia, wanajua habari ya kile kimya. Mama akaita jina langu, nami nikafungua mdomo.

Spika zikaitikia kabla yangu. Kwa sauti yangu.

Niliona uso wa Elizabeti ukibadilika. Alidhani nimevunja ahadi, nimeitikia dukani kwa siri, halafu nimewaita watu waje kutazama maigizo. Alianza kuja upande wangu, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu angenitukana pale pale juu ya kaburi la mama. Baraka zikaendelea kwenye spika, zikaitikiwa, zikaisha. Kisha mama akasema maneno mengine, ambayo nayo hakuyasema siku aliyorekodiwa.

"Basi, wote mmeitikia. Sasa nipumzike."

Elizabeti akasimama. Yeye alikuwemo chumbani. Yeye ndiye aliyeshika redio. Alijua mama alisema acha hapo, ataitikia akija, na baada ya hapo hakutamka kitu tena mpaka anakufa. Dada yangu akakaa chini kwenye udongo mbichi na nguo zake nyeupe. Paskali akazima spika. Jioni tukaiweka kaseti yenyewe kwenye redio ya jirani, mimi nikatoka nje nisisikie. Nilipowaona wanatoka, hawakuwa na haja ya kuniambia kwamba hata utepe wenyewe ulikuwa umeitikiwa.

Shangazi, dada wa baba, ndiye peke yake aliyeniuliza bila hasira. Nikamweleza yote, spika na maiki na mwanamke wa mlangoni. Mambo ya kompyuta aliyapita tu. Aliuliza kama alikuwa na shuka nyeusi, kama alisimama nje kwanza. Akaniambia zamani wapo waliotengwa kwenye vibanda vyao wakafia huko kabla wazee hawajawarudisha. Hakuna aliyewaita, hakuna waliyemwitikia.

"Mtu wa namna hiyo harudishwi na mmoja," akasema. "Nani alikuwa na wewe?"

"Nilikuwa peke yangu, shangazi. Nilimwonea huruma."

Hakunigombeza. Alinishika mkono akaubakiza mikononi mwake, na ndivyo nilivyojua kwamba hakuna la kufanya.

Tangu siku hiyo sijapona. Daktari wa Haydom aliangalia sikio, akasema halina tatizo. Na kweli si kiziwi. Linasikia, ila kwa mbali, kama ile kwaya. Kuna mazungumzo ndani yake. Nikikaa kimya alasiri nasikia wawili wanaongea upande wa pili, mmoja ana sauti ya kukwaruza na mwingine ana sauti yangu, na wanacheka kama mama na binti yake wanavyocheka jikoni. Sipati maneno. Naijua sauti ya mama yangu anapomwambia mtu jambo la siri, na mtu huyo si mimi. Nimeomba, nimefunga, nimekwenda peke yangu kaburini nikaitikia mpaka nikakauka koo. Hakuna anayeita tena. Ameshapumzika.

Unajua kinachoniuma zaidi? Kompyuta ile haikuwa mbovu. Ilimsikia yule mwanamke kabla yangu. Siku zote zile ilikuwa inashusha sauti ya duka ili isifike mlangoni, na mimi nikaitukana, nikamtafuta mwalimu, nikaiamuru isifanye lolote. Mimi ndiye niliyepandisha sauti ya mama ikamfikia.

Duka bado ninalo. Kompyuta niliyonayo sasa haina spika wala maiki, na kaseti za watu sipokei. Wewe una mashine yako na una masikio yako mawili. Siku ikishusha sauti yenyewe, usikimbilie kuipandisha. Nyanyua kichwa kwanza uangalie mlangoni. Na ukimkuta mtu mzima amesimama pale, mwamkie, halafu subiri. Asipoitikia, usimkaribishe.